Fundo ya Mama Kavira na Mwavuli Yangu

Leo nimepata haya, bamama. Haya ya kujifunika kikwembe ku kichwa na kuingia chini ya kitanda! Mulio Beni, mulio huku Butembo, musikilize audio yangu mpaka mwisho, kisha mufute. (Masika, wewe hautafuta. Nakujua.)

Munajua leo ilikuwa finale ya nzango, ule muchezo ya miguu, ya bamama ba paroisse. Sisi ba Bulengera, ba mujini, na bale ba Vuhovi, ba kijijini. Vuhovi! Banafika juu ya Fuso, matope ku miguu, banakula mahindi ya kuchoma. Nikabaangalia, nikacheka. Mbuzi ya zawadi ilikuwa imefungwa pale ku muti. Nikasema, hii njo yetu. Nilikuwa nimeshaipatia na jina: Sikukuu. (Munaelewa mipango yangu juu yake.)

Père mupya, padri ule wa mbali, hakukuwa anajua nzango. Nikamuelezea. Bamama wawili banatazamana, banaruka na wimbo. Makofi yakikatika, kila mutu anatosha mguu moja mbele. Miguu ikifanana, point ni ya ba Vuhovi. Ikiachana, ni yetu. Ni hiyo tu.

Père, na ile sauti yake ya mu pua: "Donc, mama, ni chance?"

"Chance ya wapi, mon Père! Bahati haiko humu! Nzango ni akili!"

(Muchunge ile neno. Itarudia kunipiga.)

Banaanza. Ba Vuhovi banatuma kapitene yao, Mama Kavira. Kamama kafupi, kapole, kanasalimia mutu na mikono mbili. Anaruka, anatosha mguu: inafanana. Nikasema, chance. Anarudilia: inafanana. Eh, chance tena. Mara ya tatu nikaacha kutafuna karanga.

Tukatuma Masika, mukali wetu. Akapigwa. Akarudia kwangu mimi koko, nyanya ya bote, na munajua vile anasemaka, pole pole kama mutu anabeba maji ku kichwa: "Kokooo... ule mama... anajua mguu yangu... mbele mimi mwenyewe niijue."

Nikasogea karibu. Mutu wa kujua mguu yako mbele yako, iko mutu kweli?

Nikaanza kumuchunga. Na nikaona! Mbele ya kuruka, Kavira anashika fundo ku kona ya kikwembe. Anafungua kidogo. Anapeleka vidole ku kinywa. Anafunga. Anaruka. Anashinda! Kila mara vile!

Dawa. Nikasema mu roho: Vuhovi, tangu lini bajue kushinda? Ni dawa!

Basi bakashinda. Bakaimba, vumbi ikapanda. Arbitre, mwamuzi wetu, akaenda kufungua kamba ya mbuzi. Na mimi, magoti haya yenye kuuma, mwavuli juu ya kichwa, nikatembea mpaka katikati ya kiwanja.

"Wacha mbuzi! Hakuna kutosha mbuzi!"

Arbitre, sauti kama kifaranga yenye imeacha mama yake: "Mama mukubwa, s'il vous plaît! Kuko nini?"

"Ule mama iko na dawa mu fundo. Afungue hapa, Père aone!"

Batu bakasogea karibu. Kavira akaniangalia pole pole. "Koko, nikifungua na haiko dawa, itakuwa aje?"

Kinywa yangu, munaijua. Haiombake ruhusa. "Kama haiko dawa, mimi mwenyewe nitaongoza mbuzi yenu mpaka ku Fuso, nikiimba wimbo yenu!"

Akafungua.

Tangawizi. Kipande ya tangawizi, imetafunwa kidogo.

Arbitre akanusa. Père akaluma. Akakohoa mpaka machozi. "C'est... c'est tangawizi."

"Baridi ya juu ya Fuso ilikamata sauti yangu," Kavira akasema. "Sasa nitaimba namna gani?"

Batu bakacheka. Pale mutu mwenye akili angeenda kwake. Mimi? Wapi!

"Bon, haiko dawa. Basi ni chance tu! Akili hakuna!"

Kavira akainamisha kichwa, na heshima yote. "Koko, munisamehe. Haikukuwa chance. Nilikuwa naangalia mwavuli yenu."

Yesu wangu!

(Ngoja niseme ile sikupenda kusema. Kanuni inakataza mutu wa inje kuonesha muchezaji mguu ya kutosha. Donc mimi nilikuwa naonesha na mwavuli. Ikilala kuume, mguu ya kuume. Ikilala kushoto, ya kushoto. Nani angejua? Koko muzee anajikinga jua.)

"Mais koko," Kavira akaongeza, "leo hakuna jua. Hakuna na mvua. Ni mawingu tu. Nikajiuliza: huyu koko anakinga nini? Nikachunga mwavuli kidogo, nikaona mguu inaifuata."

Kiwanja yote ikageuka. Batu banaangalia mwavuli. Na mimi bado nilikuwa nimeifungua!

Masika, leo tu, akasema mbio: "Koko! Mwavuli yako imetuuzisha!"

Arbitre akatosha carton rouge, ile kadi nyekundu. Hakunionesha mimi, hapana. Akaipandisha juu, mbele ya mwavuli. "Inje!" Père alicheka mpaka akakaa chini.

Basi nikashika kamba. Neno ni neno. Nikapita katikati ya soko ya Bulengera na mbuzi ya batu, naimba wimbo ya batu, bamama ba Vuhovi nyuma banaitikia. Mutu wa pikipiki akasimamisha: "Koko, félicitations! Mumeshinda?" Nikamuambia, "Pita, mwanangu. Pita tu."

Tukafika mbele ya kwangu, mbuzi ikakataa kutembea. Nikavuta, wapi! Kavira akauliza, "Koko, inaitwa nani, tuiite?"

Nikajibu bila kufikiri: "Sikukuu."

Bakaelewa! Bakaanguka na kicheko, hata bale benye kuuza makaa.

Fuso imeenda nayo. Musinicheke, bamama. Mais ile tangawizi... Père alikohoa sana. Tangawizi ya kweli inakohozesha mutu vile? Mimi bado niko na mashaka.

Na kesho mvua ikinyesha, mukinikuta njiani nalowana, munisalimie tu. Musiniulize mwavuli iko wapi.