Mchoro wa Umeme Uondolewe Chini ya Ngazi

Kwa Bwana Msimamizi wa Jengo,

Natumaini u mzima. Mimi ni fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, mtu nisiye na makuu. Kwa heshima na taadhima, naomba uondoe ule mchoro wa umeme uliobandikwa na fundi wa umeme kando ya boksi kuu la swichi, chini ya ngazi. Mchoro wenyewe hauna ubaya. Ubaya ni kwamba watu wameuelewa.

1. Fundi alimwelekeza mama mkwe wangu mstari kwa mstari: umeme unaingia swichi kuu, unagawanyika kwenye swichi ndogo, kila chumba na yake. Alidhani anampigisha soga bibi wa watu. Sasa bibi anausoma kama barua ya mwanawe.

2. Jumamosi, mpira ukiwa dakika ya themanini na tisa, runinga ilizimika. Nikapiga yowe kwamba umeme umekatika. Mama mkwe akajibu kutoka chini ya ngazi: "Haujakatika, baba! Nimezima sebuleni tu. Osha vyombo kwanza." Nikaosha. Penati nimesimuliwa.

3. Ugonjwa umeenea. Mwalimu wa ghorofa ya pili, akichoshwa na muziki wa kinyozi wa ghorofa ya chini, humzimia umeme. Juzi mteja alitoka amenyolewa upande mmoja, na ana harusi. Yake.

4. Mama mkwe ameuchora ukoo wetu vilevile. Yeye ndiye swichi kuu, mke wangu swichi ndogo, mimi balbu ya mwisho kabisa. Kuwa balbu sikatai. Ila wa kuniwasha ni wawili, na wa kunipumzisha hakuna.

Pabandike picha ya maua, bwana, turudi kwenye ujinga wetu wa amani.

Msalimie mama watoto, karani wako na mlinzi wa getini. Fundi naye mpe salamu, lakini nusu.

Wako mtiifu,
Mpangaji wa ghorofa ya tatu

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, hita ya bafuni ilianza kufuka moshi, mke wangu akiwa humo ndani. Nilishuka mbio nikakodolea macho swichi ishirini na nne, nisijue niguse ipi. Mama mkwe alinisukuma kando, akafuata mstari kwa kidole, akazima moja tu. Mke wangu ametoka salama, mapovu kichwani, anacheka. Tafadhali uache mchoro, uuwekee na kioo. Na naomba nakala moja ya maandishi makubwa, kwa mpangaji ambaye hajawahi kuusoma.