Kidole Changu Kwenye Friji ya Ukweni

Wakuu, leo ukweni nimedhalilika hadi paka wao kanionea huruma.

Nilikuwa Kizwite, hapa Sumbawanga, nyumbani kwa kina Adela, mchumba wangu. Posa ilishapokelewa. Leo nilikwenda kutambulishwa kwa wajomba zake, waliopanda kutoka Kirando, kule Ziwa Tanganyika, na samaki wao, migebuka. Mama mkwe akashindwa kuwaingiza samaki kwenye friji. Barafu imejaa hadi mlango haufungi.

"Mama, niachie mimi," nikasema. (Nani alinituma?)

Nikachukua kisu cha jikoni. Nikachokonoa. Nikachokonoa tena, kwa mbwembwe, maana Adela alikuwa anatazama.

Psssssss!

Nimetoboa bomba la gesi! Akili ikaniambia: ziba. Nikaziba kwa kidole.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

"Gesi ya friji, mama! Kuna aina zinazoshika moto!"

Kufumba na kufumbua mama kabeba jiko la mkaa, na sufuria ya maharage juu yake, yuko uani. Wajomba wakaingia mbio kuokoa samaki. Wakanikuta nimechuchumaa, mkono wa kulia umo ndani ya friji. Nikawapa wa kushoto. Shikamoo ya mkono wa kushoto, ukweni!

Baba mkwe akaja na koti lake zito. Akanusa.

"Mbona hainuki?"

"Haina harufu, baba. Wala rangi."

"Sasa wewe unazuia nini?"

Nikaona nijiokoe kwa elimu. Nikamweleza kwamba gesi za friji za zamani zilikuwa zinakula tabaka la ozoni, lile linalotukinga na ukali wa jua. Za siku hizi haziligusi, lakini baadhi zikitoroka angani zinapasha dunia joto vibaya sana. "Kwa hiyo hapa nalinda mazingira, baba."

Mzee akainua kola ya koti. "Mwanangu, kwa baridi hii ya Sumbawanga? Iache itoke kidogo."

Wajomba wakacheka hadi wakakaa chini. Nami nikataka kuchomoa kidole, yaishe. Hakitoki! Kimegandia kwenye barafu.

Adela akaleta maji ya uvuguvugu, akawa anamimina huku machozi ya kicheko yanamtoka. Kidole kikachomoka. Sote tukatega masikio.

Kimya.

"Ilishaisha zamani," akasema mjomba mkubwa. "Bwana harusi alikuwa anaziba hewa."

Friji imekufa, na samaki hawana pa kulala. Ikabidi wakaangwe wote, majirani wakaitwa. Kila anayeingia anasimuliwa upya kabla hajanawa mikono. Bibi mmoja akaomba kabisa aonyeshwe hicho kidole. (Nilimwonyesha. Ningefanyaje?)

Wakati wa kuaga, baba mkwe akanishika bega. "Mahari ibaki kama tulivyopatana. Ila uje na friji."

Naomba asicheke mtu, hasa wewe unayebandua barafu kwa kisu. Zima friji, iyeyuke yenyewe. Mimi huku ukoo mzima wananiita Bwana Mazingira, na harusi yenyewe bado!