Kitambaa cha Kijani cha Mama Chifu

Jumatatu, 6 Novemba
Asubuhi njema. Mkate laini, chai moto, mke hajanuna. Mungu anipe nini tena?

Jumamosi Mama Chifu Olabimpe, yule mwenye jumba la ghorofa tatu kule Ikoyi kwa matajiri, anatimiza miaka sabini. Mushin yote, mtaa wetu hapa Lagos, inajua. Inajua kwa sababu niliitangazia mimi. Inajua pia kwamba Mama Chifu ni ndugu yangu. Hapa niseme haki. Miaka mitatu iliyopita gari lake lilizimika mbele ya kibanda changu cha fotokopi. Akaingia, nikamtolea nakala ya karatasi moja, na alipotoka akasema, "Asante, ndugu yangu." Ndugu! Sikumshikia fimbo.

Tatizo: kadi ya mwaliko haijafika. Tatizo kubwa zaidi: mke wangu, Mama Tomiwa, ameshawaambia akina mama wote wa kanisani kwamba mumewe atakaa meza za mbele. Nisipoingia, tutahama mtaa. Na Gbolahan, fundi jenereta, jirani yangu wa mlango kwa mlango, leo aliniuliza bombani, mbele za watu, kama nimepata aso ebi. Sare ya familia, yaani. Huna sare, kwenye sherehe ya Lagos unaitwa "nimesikia nikaja", unasimama nyuma unanusa wali wa wenzako. Nikamjibu kwamba yangu iko kwa fundi. Uongo, lakini uongo wa muda mfupi.

Jumanne, 7 Novemba
Kwa Lamidi, fundi cherehani. Ndiye anayeshona nguo za sherehe ile. Kwanza akajitia msiri. Nikamletea uji na akara za moto, zile bajia za kunde, akalegea. Akafunua pazia. Jamani! Suti arobaini za kijani kibichi, zenye uzi wa dhahabu shingoni. Zote sawasawa! Nani ana watu arobaini wa kuvalisha sare kama si ukoo mzima?

Kipande cha kumtosha mtu mmoja kimebaki. Nimekipata kwa kuahidi kuwatolea watoto wake nakala za shule mwaka mzima. Lamidi akafungua mdomo anieleze jambo kuhusu hicho kijani. Nikamkatiza. Mtu mzima hafundishwi sare ya ndugu zake.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimecheka leo mpaka nikashika ukuta. Gbolahan amekuja kuringa na kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Eti binamu yake ni dereva wa jumba lile, ndiye aliyempatia. Nikampa pole. Nikamwambia hiyo ni rangi ya mapazia, Mama Chifu hawezi kuivalisha familia. Akasema, "Haya, Baba Tomiwa, tutaonana mlangoni."

Mama Tomiwa amepiga pasi suti yangu mara mbili huku akiimba. Miaka mingi hajaimba akipiga pasi nguo yangu. Nikaona raha mpaka nikaogopa kidogo.

Jumamosi, 11 Novemba
Foleni hadi barabarani. Magari meusi, vilemba vikubwa kama miavuli, kila mtu na kadi mkononi. Mlinzi akaiona suti yangu. Hakuuliza kadi! Akanipigia kelele, "We mzee, pita huku, umechelewa!" Akanifungulia mlango wa pembeni. Nikajiambia hiyo ndiyo heshima, ndugu hapangi foleni. Nikapita nikiwapungia mkono waliobaki juani.

Mlango ule ulitokea jikoni. Mama mmoja mnene mwenye daftari akanitumbukizia sinia mikononi, akasema meza ya kumi na nne wana njaa. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni ndugu wa Mama Chifu. Akasema hapa sote ni ndugu, beba. Nikageuka. Watu arobaini wa kijani. Kila mmoja na sinia yake. Loo!

Nilitaka kukimbia. Nikaikumbuka pasi ya mke wangu. Nikabeba.

Na nani yuko meza ya kumi na nne? Gbolahan! Damu ya mzee kuanzia kofia hadi mguuni, leso ya mezani imening'inia shingoni. Macho yakamtoka. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika meza tatu, "Mhudumu, niongezee nyama." Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Halafu nikakumbuka kwamba kijiko ninacho mimi. Nikampa wali mkavu na shingo ya kuku, tena nusu.

Sinia hufundisha jiografia. Meza za mbele samaki mzima anaguswa mara moja, anaachwa. Za katikati wanapata kipande. Nyuma kabisa, kando ya jenereta, nikawakuta wazee wanane kwenye moshi, wamekaa tangu saa sita bila hata maji. Nguo zao safi, za zamani, kila mtu rangi yake. Nikauliza ni akina nani. Bibi mmoja akasema yeye ni dada yake Mama Chifu, tumbo moja, wametoka Ijebu kwa basi. Kitambaa cha familia, ile damu ya mzee, kiliwashinda bei, basi wakaonyeshwa huku. Hakulalamika. Alisema tu kwamba muziki wameusikia vizuri.

Iliniuma, sifichi. Mimi ndugu wa fotokopi nimeshonewa uzi wa dhahabu, dada wa damu anapuliziwa moshi!

Sinia iliyofuata ilikuwa ya meza namba moja: samaki wazima, mapaja ya bata mzinga, wali wa jollof, ule mwekundu wa nyanya, uliopikwa kwa kuni. Miguu yangu ikakata kona yenyewe. Safari nne! Meza namba moja wakanung'unika, nikawaambia chakula kiko njiani. Nikawapelekea wazee na ndoo za zawadi wanazogawiwa wageni, zenye picha ya Mama Chifu. Bibi akaitazama ndoo, akacheka mpaka akatoa machozi, akasema pua hiyo si ya kwao. Akaniuliza mimi mtoto wa nani. Kwa mara ya kwanza wiki hii nikasema kweli: sina undugu wowote hapa, nina kibanda cha fotokopi Mushin. Akasema, "Basi kaa ule na sisi, mwanangu." Nikala. Sijawahi kula wali mtamu kama ule.

Gbolahan? Mwenye kile kiti alichokalia alifika, naye akainuliwa mbele ya watu. Nilimkuta nyuma ya jenereta, analamba midomo. Tukapatana: sahani moja yenye nyama mbili na ndoo moja, naye hajaona sinia yoyote. Tukashikana mikono kiungwana.

Jumapili, 12 Novemba
Kanisani Mama Tomiwa ametembea kwa madaha hadi kiti cha mbele. Nimewaeleza wote kwamba familia ilinikabidhi mimi chakula, maana hawamwamini mtu baki. Gbolahan akaitikia kila neno. Ndoo yetu iko barazani, picha inatazama njia. Nimetulia sana moyoni.

Na somo nimelipata: arobaini ni wengi mno. Ndugu wa kweli huwa wachache.

Jumanne, 14 Novemba
Habari njema kutoka kwa Lamidi! Jumamosi kuna mazishi ya tajiri mkubwa kule Victoria Island. Anashona suti nyeupe, na glavu nyeupe juu yake. Ngapi? Sita tu! Mmoja wa wale sita ameugua, nafasi iko wazi. Lamidi akafungua mdomo anieleze. Nikamkatiza. Akauliza tu kama bega langu la kulia ni zima. Nikamwambia ni zima kabisa, apime anavyotaka.

Lakini safari hii mimi si mjinga, nikahakikisha. Nikamuuliza hao sita watakaa meza gani. Akasema hawatakaa. Watakuwa na marehemu bega kwa bega, kutoka nyumbani hadi kaburini, na hakuna atakayemkaribia kuliko wao.

Nimemwambia Mama Tomiwa awatangazie kanisani.