Gemu ya Sadick Yaingia Kidato cha Pili

Jumatatu, 12 Julai 2004
Wanafunzi kumi na tisa tu kwenye hesabu leo! Wengine wote wako Somanda, kwa Sadick mwenye banda la gemu, wanagombania kupiga penalti kwenye televisheni. Vichwa maji. Mkuu wa shule, Mzee Anatoli, katangaza kwamba Ijumaa mkaguzi anakuja, na mwalimu atakayemfurahisha ndiye mtaaluma mpya, msimamizi wa masomo yote ya shule. Ni mimi au Felisita. Felisita! Mwalimu gani anafundisha uwiano kwa kuhesabisha watoto vitumba vya pamba? Nautaka utaaluma huo kufa na kupona.

Jumanne, 13 Julai
Nimepata! Gemu itakuja darasani. Penalti kumi, mabao saba, ni asilimia ngapi? Sadick kakubali kuleta televisheni na jenereta, mradi jina la banda lake liandikwe juu ya ubao. Mpenda sifa. Nimeliandika, kwa herufi ndogo.

Jumatano, 14 Julai
Wamesikia habari, darasa limejaa pomoni. Ili washindane vizuri nimewagawa makundi mawili, nikayaita Bagika na Bagalu, kama vyama vya ngoma vinavyopambana huku kila baada ya mavuno. Felisita kaniuliza kama najua ninachokichokoza. Nikamjibu mimi ni mzaliwa wa Maswa mjini, ngoma za porini hazinihusu, majina ni majina tu. Wivu unamla.

Alhamisi, 15 Julai
Mzee Masalu, manju anayeongoza ngoma ya Bagika, kaja ofisini. Kanisalimu mwangaluka, kauliza shindano ni saa ngapi. Nikamwambia saa nne, karibu sana babu. Kasema Bagika hawajashindwa misimu miwili na hawataanzia kwangu. Mjukuu wake yuko darasani kwangu. Nimefurahi, hatimaye mzazi mmoja anajali hesabu.

Ijumaa, 16 Julai
Balaa! Saa nne kamili ngoma zimelia pande zote mbili za darasa. Bagika kushoto, Bagalu kulia na chatu wao wa kuchezea ngoma. Na huku mshindi ni yule anayevuta watu wengi, basi. Wanafunzi wangu wameruka madirisha kwenda kutazama. Mkaguzi kawafuata, na koti lake! Tumebaki mimi na Sadick, tukapigiana penalti. Kanifunga nane. Felisita, mjanja yule, kasimama katikati ya uwanja na Kidato cha Pili changu, wanahesabu watu. Bagalu mia mbili arobaini, Bagika mia moja sitini. Tatu kwa mbili! Mkaguzi kaandika ukurasa mzima. Mzee Masalu anadai jenereta yangu ilifunika ngoma zake, anataka marudiano.

Jumatatu, 19 Julai
Felisita ndiye mtaaluma. Kakalia kiti ambacho nilishakifuta vumbi mwenyewe. Nimelia chooni, na sioni aibu kuandika. Kosa ni la yule chatu. Mpango wenyewe haukuwa na dosari hata chembe. Nitaurudia mwezi ujao, na safari hii nimechagua majina ya mjini, ya kistaarabu, yasiyoweza kumpandisha mtu yeyote hasira. Nimeshayaandika ubaoni: Simba na Yanga.