Mshauri Aliyetoroka Shule

Kefa aliisikia fursa kabla ya kuiona. Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanakunywa chai katika ukumbi wa kanisa la Wakongomani pale Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, na nyuma yake binti mmoja alikuwa akimwambia mama yake mkubwa kwamba hajui kama karatasi zake zinamruhusu kuanza kazi ya mafunzo mwezi wa tano. Kefa akaweka kikombe chini, akanyoosha tai, akageuka na uso wa mtu aliyetumwa na mbingu.

Tumfahamu mapema bwana huyu. Alitoka Kenya kwenda Buffalo kusomea uhasibu, akasoma mwaka mmoja, na wa pili akaona madarasa yanamkatizia usingizi. Aliacha shule bila kumwambia mtu, na visa ya mwanafunzi asiyesoma ikabaki pambo tu. Mwenye akili zake angekimbilia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kuomba msaada. Kefa alikimbilia kuchapisha kadi: Mshauri Mkuu wa Makaratasi ya Wanafunzi. Akawa anawauzia wageni ushauri ambao ofisi ile hutoa bure, tena anauuza umeharibika. Buffalo walipoanza kumuuliza maswali, alihamia Columbus. Columbus walipochoka kuuliza wakaanza kumtafuta, alihamia Louisville na kupanga chumba mtaa wa Highview. Aliamini kwamba kila mji una wajinga wake, na kwamba wajinga wa mji mmoja hawana habari na wa mji mwingine.

Binti aliitwa Josiane. Alikuja kutoka Bukavu kwa visa ya mwanafunzi, tofauti na mama yake mkubwa, Laurentine, aliyeletwa kama mkimbizi na sasa alikuwa akipanga maboksi ghalani. Hofu ya Josiane haikuwa ya kubuni. Akifanya kazi bila ruhusa ya chuo angepoteza visa, na miaka miwili ya ada ambayo Laurentine alikuwa ameilipa kwa mgongo wake ingekwenda na maji.

Kefa aliipokea hofu hiyo na kuitia chumvi. Alitikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari aliyekwisha kuona picha ya mapafu.

"Hii case ni serious, mama," alisema. "Na asijaribu kuuliza chuoni. Akiuliza tu, jina lake linawekwa alama kwa system, wiki ijayo yuko airport."

Dawa anayo yeye, alieleza. Ana mtu wake Washington. Anahitaji pasipoti ya binti leo hii, na Jumapili ijayo ile pesa ya likelemba, kwa kuwa alikuwa amekwisha kusikia kwamba zamu ya Laurentine ya kupokea mchango wa akina mama ilikuwa imefika. Kwa nafsi yake hataki hata senti, anamtumikia Mungu. Josiane, maskini, akatoa pasipoti na kumkabidhi.

Laurentine alimtazama Kefa kitambo, akaomba apige naye picha ya kumbukumbu. Kefa alitabasamu mpaka magego yakaonekana.

Katikati ya wiki mama alimpigia simu kwa sauti ya unyenyekevu. "Bon, papa Kefa, kwetu hatutoaka asante ku maficho. Bahasha utapokea mbele ya kanisa. Na passeport ulete, batu baiombee kwanza, ndiyo iende Washington."

Kefa alikuwa tayari kubisha, ila akawawaza akina mama wengine wote kwenye mabenchi, kila mmoja na mpwa wake mwenye visa. Tangazo kama hilo mtu hulilipia. Akakubali.

Jumapili alikuja na suti. Mchungaji Masumbuko alimwita mbele, na Laurentine akatoa ushuhuda mrefu juu ya kijana huyu asiyependa pesa. Pasipoti ikatolewa, ikapita benchi hadi benchi ikiombewa, na ilipomfikia Josiane haikuendelea. Kefa hakuliona hilo. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha aliyopewa, nene, nzito, imefungwa kwa gundi.

Hapo kwaya ikaingia. Desturi ya kanisa lile ni kwamba aliyebarikiwa hadharani hushukuru hadharani, na kwaya haimwachi mpaka ashukuru. Walimzunguka wakicheza, akina mama wakipiga vigelegele. Kefa akatoa noti moja. Wakaendelea kucheza. Akatoa tatu. Wakaongeza ngoma. Akaipapasa bahasha, akajiambia kwamba hii ni mbegu tu, kisha akaimimina pochi yote kikapuni, pamoja na kodi ya chumba. Alipoinua uso ili apongezwe, alimwona mwenye kukishika kikapu. Alikuwa Enoki wa Columbus, mmoja wa wale aliowauzia ushauri kule.

"Asante, mshauri," Enoki alisema kwa adabu. "Hii itafika kwa bote uliwakulia feza."

Bahasha aliifungulia chooni. Ilikuwa na vijitabu vya mwongozo kwa wanafunzi wa kigeni, vile vinavyogawiwa bure chuoni, na kimoja kilikuwa kimekunjwa kwenye ukurasa wa waliopoteza haki ya visa kwa kuacha masomo.

Laurentine alikuwa akimngoja ukumbini. Hakupandisha sauti.

"Siye tulitoka kambi moja, papa. Bamoja baliletwa Buffalo, bengine Columbus, siye huku. Picha yako nilituma ku groupe ya WhatsApp ya kwaya yetu ya kambi, na mbele ya chai kupoa Bisimwa wa Buffalo alishajibu: huyu tulilala naye chumba kimoja, shule aliacha. Josiane alienda ku ofisi ya chuo siku ya pili. Balimusainia ruhusa, hakuna aliyemuomba hata franga."

Kefa alitazama mlango. Enoki na wanakwaya wenzake walikuwa wamesimama hapo wakinywa soda.

"Police sitaita. Batakuuliza karatasi, na wewe hauna." Akamsogezea sahani ya bugali na sombe, kisamvu cha kwao. "Donc, ikala ku kiti ukule. Mwizi naye anasikiaka njaa."

Ukumbi mzima ulimkodolea macho kungoja aone haya. Kefa akavuta kiti, akanawa mikono, akala mpaka sahani ikang'aa. Kisha akauliza kama samaki walikuwa wamebaki.