Shimo Jeusi Lililotema Poda

Jumanne, tarehe 3
Mkurugenzi wa makumbusho katangaza. Jumamosi mwanaastronomia anakuja kuzindua meza yetu ya galaksi. Atakayemfurahisha atakuwa mtoa maelezo mkuu. Mimi huyo! Mshindani ni mmoja tu, mwenzangu wa kazini tunayemwita Miwani, anayesoma hadi maandishi ya kwenye sabuni. Kanieleza, bila kuulizwa, kwamba katikati ya galaksi kubwa kuna shimo jeusi lenye uzito kama wa sehemu moja katika elfu ya nyota zinazolizunguka. Nani atakuja kutazama kitu kama hicho?

Jumatano, tarehe 4
Nimeandika kibao: GALAKSI MWENYEJI, SHIMO MGENI. Vitabu vyenyewe vinasema "galaksi mwenyeji", sasa mgeni ni nani? Nikamsomea mke wangu. Akauliza ni mgeni gani huyo aliyekuwepo tangu nyumba inajengwa, akakua nayo, na bado haondoki. Nikamwambia amuulize kaka yake anayeishi kwetu. Chakula nimejipakulia mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 6
Mpango! Nimetoboa meza katikati, tundu la kuingia kichwa. Chini nimeficha mashine ya kufyonza vumbi. Juu, kopo zima la poda: nyota. Nikibonyeza, shimo litameza galaksi yote, na Miwani atameza mate. Kanisihi niache. Eti shimo halimezi galaksi nzima, na likila kwa pupa hupuliza upepo unaofukuza hata chakula chake. Wivu mtupu.

Jumamosi, tarehe 7
Nimebonyeza. Mungu wangu! Kumbe bomba nimelichomeka upande wa kutolea hewa. Mkurugenzi kawa mweupe hadi kope. Nikajua cheo kimeota mbawa. Lakini mwanaastronomia anapiga makofi! Kasema hajawahi kuona ikionyeshwa vizuri hivyo: shimo likizidisha kula, hufukuza gesi, nyota mpya zinakosa cha kuumbiwa, na galaksi nzima inaacha kukua. Watoto wakadai tena. Tumerudia mara sita. Nimecheka hadi mbavu zinauma!

Kisha mwanaastronomia akaniuliza upepo huo hutoka wapi. Nikajibu: kwenye soketi. Miwani akajibu vizuri zaidi. Cheo kapewa yeye. Nilitaka kununa, akanikumbatia, tukapiga chafya pamoja. Siku tamu sana.

Jumapili, tarehe 8
Nimetafakari na kosa nimeliona: mashine ilikuwa moja. Kesho naomba ya pili. Na Miwani aelewe kwamba galaksi humtegemea aliye katikati, na katikati nipo mimi. Nimemwandikia Mkurugenzi kumweleza hivyo. Ndani ya bahasha nimemtilia poda kidogo, akumbuke tulivyofurahi.