Safari ya Nchi za Kaskazini Iliyoishia Charlottenberg

Karlstad, mwishoni mwa Aprili

Kwako Marianne, Mkuu wa Shule yetu,

Umetuagiza wote tukuite kwa jina lako tu, bila cheo, nami natii, ingawa barua nzito kama hii ingependeza zaidi ikianza na cheo kirefu. Mimi ni Tuva Kettunen wa darasa la tisa, yule anayekaa pembeni ya dirisha lisilofunguka. Huenda hunikumbuki. Sikulaumu. Nimejitahidi sana mambo yawe hivyo.

Nakuandikia kuhusu safari ya darasa letu ya majira ya kuchipua. Ilipopangwa, theluji ikiwa bado imefika magotini, ilikuwa safari ya kweli: tungeanzia Kopenhagen, tupite Oslo, turudi Stockholm, tupande meli ya usiku hadi Turku kule Ufini. Kuna aliyeitaja hata Aisilandi. Safari iliyobaki leo ni hii: tunapanda basi asubuhi, tunakwenda Charlottenberg, tunakula soseji, tunarudi nyumbani kabla ya chakula cha jioni. Charlottenberg, kama unavyojua, iko hapahapa kwetu Uswidi. Ina maduka, ina maegesho ya magari, kisha ina maduka mengine.

Hakuna adui aliyetutendea haya. Tumejitendea wenyewe, kwa maelewano na mikate ya mdalasini. Kwa heshima zote naleta malalamiko yafuatayo.

1. Nalalamikia utaratibu. Mwalimu wetu Torbjörn hapendi kura. Anasema, "Kura huwaacha wengine wakiwa wameshindwa, na katika darasa hili hakuna anayeshindwa." Kwa hiyo sisi hatupigi kura, tunaelewana. Mtu mmoja akipinga jambo, jambo hilo linaondolewa ili asiumie. Anayenyamaza anahesabiwa kuwa amekubali. Halafu mwenyekiti wetu, Vendela Bergqvist, anagonga meza kwa kinyundo cha mbao alichoazima kwa babu yake, ambaye ni mwenyekiti wa chama cha wenye mashua. Vendela ni msichana mwema na ana sauti safi, ila kinyundo kile kimemwingia kichwani. Juzi hata kengele ya mapumziko ilipolia aligonga meza, kuonyesha kwamba imekubaliwa.

2. Aisilandi iliondoka kwa sababu ya volkano. Aliyepinga hakusema volkano ipi. Wala hakuulizwa, kwa kuwa kumuuliza mtu sababu ya hofu yake ni kumbana.

3. Denmark iliondoka kwa aibu. Mwenzetu Tindra alisema, "Wale wanaongea kama wana kiazi cha moto mdomoni. Tutawaelewaje?" Torbjörn akasema tunaweza kuzungumza nao Kiingereza. Darasa zima likaguna. Kuzungumza Kiingereza na jirani yako wa damu, ambaye lugha yake ni ndugu ya lugha yako! Tukaona ni heshima zaidi kutokwenda kabisa. Kinyundo kikagonga. Sasa jirani zetu hawatajua kamwe kwamba hatuwaelewi, na urafiki wa mataifa haya mawili umepona.

4. Norwei ilituchukua mkutano mzima. Mwenzetu Melker ana kaka anayefanya kazi Oslo, kwenye kiwanda ambako vijana wa Kiswidi humenya ndizi ili Wanorwei wasijichoshe. "Sitaki nikapige picha mahali kaka yangu anapomenya ndizi," Melker alisema. Mtu akamtania, "Basi tusipige picha, tule ndizi tu!" Melker akawa mwekundu mpaka shingoni, Norwei ikaondolewa. Ndipo likaja wazo ambalo Torbjörn aliliita la kukomaa: kila Jumamosi Wanorwei wanavuka mpaka kuja Charlottenberg kununua nyama ya nguruwe na pipi, kwa kuwa kwetu bei ni rahisi. Basi ya nini kwenda Norwei? Tukae pale kwenye maegesho, Norwei itatujia yenyewe, tena ikiwa na kigari cha dukani. Safari ikawekwa Jumatano. Sikuona aliyekumbuka kwamba Wanorwei wanakuja Jumamosi.

5. Nafika Ufini, na hapa naomba usome polepole.

Ufini ilishindwa kwa sababu ya sauna, lile bafu lao la mvuke wa moto. Melker aliuliza, "Ni lazima tuvue nguo zote?" Torbjörn akajibu kwamba hakuna atakayelazimishwa. Melker akasema, "Sawa, lakini wao watavua." Vendela akatazama huku na huku akauliza, "Kuna anayepinga Ufini iondolewe?"

Alikuwapo mmoja, Marianne, naye ni mimi. Napinga hata sasa. Mama yake baba, bibi Helvi, anakaa Turku. Alikuja Uswidi akiwa kijana, akafanya kazi kiwandani hapa kwetu mpaka alipostaafu, kisha akarudi kwao. Tangu arudi, Kiswidi kinamtoka kidogo kidogo, kama mtu anayevua koti la nchi ya watu. Jumapili baba anampigia simu, halafu ananipa mimi. Bibi anasema, "Haya, mwanangu." Nami nasema, "Haya, bibi." Baada ya hapo tunasikilizana tukipumua, kwa sababu yeye lugha yangu imemwishia na mimi yake sikuwa nayo. Baba husema kila mwaka, "Tutakwenda kiangazi." Kiangazi kikifika anapanda juu ya paa la kibanda chetu cha ziwani na nyundo, na paa hilo halijawahi kukamilika.

Kwa hiyo majira yote ya baridi nimejifunza Kifini peke yangu kwa vitabu vya maktaba. Sasa naweza kumuuliza bibi alilala vipi, anaogopa nini, na alikuwa mtu gani alipokuwa na umri wangu. Majibu yake pia naamini nitayaelewa, akiongea taratibu. Meli ya darasa ingefika Turku asubuhi, na nyumba yake iko karibu na bandari. Saa chache tu zingenitosha. Bibi amezeeka, na mimi siamini tena kiangazi cha baba.

Niliyaandaa yote hayo kichwani, na mkono ukaanza kupanda. Ulipofika usawa wa sikio watu wawili wakageuka kunitazama. Nikajikuna sikio. Vendela akagonga.

6. Kutokana na hayo nalalamikia hesabu ya ukimya. Kama kunyamaza ni kukubali, basi mimi nimekubali kila kitu tangu shule ya awali, pamoja na supu ya njegere ya kila Alhamisi. Watu wa Ufini nao wamekubali kila jambo duniani, maana mtu wa huko anaweza kusimama na mwenzake kituoni kutwa nzima bila neno, wakaagana wakiwa marafiki. Na kama ndivyo, tuwe wakweli mpaka mwisho: mawe yamekubali, misonobari imekubali, na lile ziwa letu lililoganda lilikuwa mwanachama mwaminifu kuliko wote.

7. Kwa mwendo huu hata Charlottenberg haina usalama. Mkutano ujao ni kesho. Nasikia kuna anayechefuka kwenye basi. Atapinga basi, mwingine atapinga soseji, na safari yetu ya nchi za Kaskazini itakuwa kukaa kwenye ngazi za shule, macho tumefumba, nyuso tumeelekeza juani. Jambo hilo mji mzima unalifanya bure tangu theluji ilipoanza kuyeyuka.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu yafanyike yafuatayo. Kwanza, kinyundo kirudishwe kwenye chama cha mashua. Pili, ukimya wa mwanafunzi yeyote mwenye haya uandikwe kuwa ni "hapana", na kujikuna sikio kuhesabiwe kuwa ni hotuba. Tatu, mtu mmoja asiweze tena kuvunja safari ya wote kwa kusema tu kwamba hataki. Huo si upole, ni ufalme wa mtu mmoja uliovaa soksi za sufu. Nne, na hili naliomba nikijua uzito wake, uteue dikteta. Si wa muda mrefu. Wa wiki moja yatosha. Aamue twende Turku, atupandishe melini wanaotaka na wasiotaka, na tukirudi tumshukuru kwa keki na kumwondoa madarakani kwa maelewano. Mimi mwenyewe sifai kazi hiyo, kwa kuwa dikteta hulazimika kusimama mbele za watu.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie walimu wote, Torbjörn akiwa wa kwanza maana simchukii, wapishi wa jikoni, mkutubi anayeniacha nikae baada ya kufunga, na Vendela pia, lakini sauti yako isimjulishe kwamba salamu zimetoka kwangu.

Wako mtiifu na mnyamavu, ambaye safari hii hakubali,

Tuva Kettunen

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga nilipomsikia baba akiongea kwa simu jikoni. Kumbe alikuwa amemweleza bibi kwamba darasa letu haliendi tena Turku. Simu ina sauti kubwa, nikamsikia bibi akisema kwa Kifini, "Kama mtoto haji, nakuja mimi. Usibishane nami, tiketi ninayo." Anafika hapa Jumatano ileile ya safari, na kesho yake anarudi, kwa sababu ana viazi vya kupanda.

Marianne, ukinikubalia niliyoyaomba, meli yangu na yake zitapishana usiku katikati ya bahari, yeye akinijia na mimi nikimfuata. Tafadhali usiteue dikteta. Ufini ibaki imeondolewa. Na Charlottenberg nayo inaninyang'anya siku nzima ya kukaa na bibi, na ruhusa ya kubaki hupewa mgonjwa tu. Mimi kuugua kwa uongo siwezi, masikio yangu huwa mekundu nikidanganya.

Nimeusoma upya utaratibu wetu na nimeona hekima yake: mtu mmoja akipinga inatosha. Mtu huyo ni mimi. Kesho naipinga safari nzima, basi na soseji na maegesho. Siku ya masomo ya kawaida huisha mapema, nami nitamkuta bibi nyumbani. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo, na mkono sasa unapita sikio. Mwambie tu Vendela agonge haraka, kabla mtu hajaniuliza kwa nini.